Njaa Haitamfundisha

Tuseme uko Buyenzi, Bujumbura, jioni, sinia limeshawekwa mkekani: ugali wa muhogo, ndagala, lengalenga. Binti wa miaka kumi na sita anamega tonge dogo, analizungusha vidoleni mpaka linapoa, kisha anasema ameshiba. Ni mwezi wa tatu sasa. Mifupa ya mabega imetokeza na hedhi imekatika. Shangazi mtu anamtazama, anafyonza, anatoa hukumu: "Mwacheni. Njaa itamfundisha."

Kwa heshima zote za shangazi, hukumu hiyo inaua.

Najua inatoka wapi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016-17 ulikuta kwamba karibu 56% ya watoto wa Burundi wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi kama hiyo, anayesukuma sahani anaonekana anawatukana walio nayo tupu. Ndiyo maana tunasema ni maringo, ni mambo ya watoto wa mitaa ya wenye nazo, Kiriri na Rohero, ni ugonjwa wa Wazungu. Na kwa kuwa njaa sisi tunaijua, tunadhani tunajua pia itamfanya nini huyu.

Hatujui. Mwaka 2022 jarida la Biological Psychiatry lilichapisha matokeo ya watafiti wa nchi nyingi waliounganisha picha za ubongo za wanawake na wasichana 685 wenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, na za wenzao 963 wasio nao. Gamba la nje la ubongo wa wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi, na sehemu za ndani zilikuwa zimesinyaa. Tofauti hizo zilikuwa kubwa mara mbili hadi nne kuliko zinazoonekana katika magonjwa mengine ya akili. Tena si ajabu: ubongo ni kama 2% ya uzito wa mwili, lakini peke yake unatumia karibu 20% ya nguvu inayotokana na chakula. Njaa haiishii tumboni.

Sasa fikiria tunachomtaka binti huyu afanye. Tunataka apime mwenyewe, aone amekonda, aamue kula. Apime kwa mizani ipi? Mizani ndiyo iliyoharibika.

Hata kwa mtu mzima wa afya, njaa si mwalimu. Marekani, kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na akili, kwa majuma 24. Walipoteza ari, wakajitenga, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma msahafu. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka, na baadaye hakuweza kueleza kama alikusudia. Na hao walikuwa wanakitamani chakula! Binti wetu anakiogopa. Kila siku anayopitisha bila kula inamwongezea ugumu wa kula kesho yake.

"Lakini anoreksia si ya kwetu." Mwaka 1984 jarida la madaktari wa akili la Uingereza lilieleza habari za mgonjwa mweusi wa Zimbabwe. Mwaka 2004 watafiti Njenga na Kangethe waliandika kuhusu anoreksia Kenya. Mwaka huohuo, Ghana, kati ya wanafunzi wa kike 668 wa sekondari walipatikana 10 waliokonda kwa kujinyima wenyewe. Hawa wa Ghana ndio wanaonisumbua zaidi, maana hawakutaja urembo wala kiuno chembamba. Walitaja dini na kujitawala. Nasi hapa Bujumbura, nani atamshuku binti anayefunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akaongeza Jumatano? Nani atamshuku anayekwenda kwenye maombi ya kufunga majuma matatu, akarudi na kuanza mengine? Tunamsifu. Tunamwambia mdogo wake amwige. Sisemi saumu ni ugonjwa. Nasema ugonjwa umepata kanzu nzuri ya kujifichia.

Ni kweli kwamba utafiti mkubwa wa vinasaba wa 2019, wenye wagonjwa 16,992 na uliobaini sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na anoreksia, ulichunguza watu wenye asili ya Ulaya. Basi huo ndio ushahidi kwamba ni ugonjwa wa Wazungu? Ukimulika tochi chumba kimoja tu, usiape kwamba vingine havina mtu.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili: wakisikia ubongo umesinyaa, wanaanza kuomboleza, eti binti ameshakwisha. Picha zilezile za 2022 zinawapinga. Waliokwisha kurudisha sehemu ya uzito wao walikuwa na upungufu mdogo zaidi. Chakula ndiyo dawa ya kwanza, na ina wakati wake.

Hapa mjini, Kamenge, kuna kituo cha magonjwa ya akili. Wengi tunapita mlangoni tukigeuza uso, kana kwamba kuangalia tu kunaambukiza. Nenda naye huko, au kwa daktari yeyote, kabla ya kumjazia sahani, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama.

Halafu rudi nyumbani. Hospitali ya Maudsley, London, tangu miaka ya 1980, imekuwa ikiwafundisha wazazi washike wenyewe kazi ya kumlisha mtoto: kukaa naye kila mlo, bila matusi, bila kumwachia uamuzi ambao kwa sasa hauwezi. Kazi hiyo haihitaji mashine ya picha. Inahitaji mtu mwenye muda na asiyekata tamaa haraka, na nyumba za Buyenzi hazijawahi kukosa mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo, shangazi, sogea. Kaa upande wake wa sinia. Mmegee wewe, na tonge la kwanza lisiwe kubwa.