Maua Madogo ya Kandokando ya Kijito

Mvua za kwanza zikinyesha Madaba, katika nchi ya Songea, miombo huchipua na watu huenda mashambani na majembe yao. Ni vyema, maana asiyelima hali. Lakini mtoto apitaye kando ya kijito, akiinama kidogo, ataona jambo jingine: kati ya majani na mawe yaliyolowa maji yameota maua madogo, mengine hayazidi ukucha wa kidole.

Wako wasemao, "Hayaliwi, wala hayauzwi, yana faida gani?" Neno hilo si la hekima.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akapeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo hupandwa vyunguni, likapamba madirisha ya nchi nyingi za dunia. Lakini kwao Usambara limekuwa adimu, kwa kuwa misitu iliyolitia kivuli imekatwa.

Hata karibu na Madaba pana hatari. Katika nyanda za Njombe na Makete, viazi vya maua ya porini yaitwayo okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Achimbaye kiazi huua mmea. Na mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake, wala haioti pasipo kusaidiwa na kuvu wa udongoni. Basi kichimbwacho kwa saa moja hakirudi upesi. Ndiyo sababu mojawapo Kitulo, penye maua mengi ya namna hiyo, pakafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Tena aachaye ukingo wa kijito na majani yake huyahifadhi maji pia, maana mizizi hushika udongo usichukuliwe na mvua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kwa hiyo yampasa mwanafunzi kuyatazama maua hayo, kuyahesabu na kuyachora katika daftari lake, kisha kuyaacha pale pale Mungu alipoyaotesha. Aling'oaye huwa nalo siku moja. Aliachaye, yeye na wadogo zake wataliona tena mvua zijazo.