Ukipigwa kalamu, bima nayo hukatika



Mtu akipigwa kalamu hapa Kenya, bima ya afya humponyoka wakati anapoihitaji zaidi. Kazini alikatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Akitoka, mamlaka ya bima ya afya, SHA, hupima upya kipato chake kama asiye na mshahara, tena alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ni 3,600. Atazitoa wapi? Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mchango huo kidogo kidogo, nao ni mkopo.

Jirani yangu, aliyekuwa mshonaji kiwandani, aliambiwa hospitalini kwamba hajalipiwa, mtoto akihema kwa pumu mgongoni. Serikali imruhusu aliyefutwa kazi alipe kila mwezi bila deni, na waajiri wamweleze haya siku ya kumkabidhi barua.

Mfanyakazi,
Athi River