Wanaume wa parokia wanarudi kukutana, daftari la madeni lisubiri

Ijumaa, Machi 11, 2022, serikali ilitangaza kwamba barakoa si lazima tena mahali pa wazi, na nyumba za ibada zinaweza kujaa mradi waumini wawe wamechanjwa. Machi 19 ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wanaume Wakatoliki. Kwa vyama vya wanaume parokiani, hakuna siku nzuri zaidi ya kuanza upya: misa, chakula, kisha mazungumzo.

Mama watoto ana haki ya kuuliza: "Miaka miwili hamkukutana na mliishi. Mnarudia nini?"

Jibu liko katika yale waliyopitia wanaume hao. Kuna aliyefutwa kazi 2020. Kuna aliyemzika mzazi wake wakati mazishi yalikuwa ya watu 15 tu, bila matanga ya kumshika mkono. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai mwaka huo, ibada ilikuwa ya watu 100 kwa saa moja, na waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Wazee hao ndio waliokuwa wakimvuta kando kijana mwenye ndoa changa na kumwambia ukweli.

Mwanamume wa kwetu hampigii mwenzake simu kumwambia kwamba hapati usingizi. Atalisema hilo akigeuza nyama kwenye makaa, au akishika upande mmoja wa mbao wakati mwenzake anapiga misumari kwenye ua la kanisa. Ukiondoa shughuli hizo, umemfunga mdomo. Na asiyesema nje huja kufokea watoto nyumbani.

Sasa kuna jambo linaloweza kuharibu siku hiyo: daftari la michango. Tuseme mchango ni shilingi 200 kwa mwezi. Kwa aliyekosa kazi miezi 24, hilo ni deni la shilingi 4,800, kabla ya kuhesabu michango ya misiba. Mwenyekiti akifungua mkutano kwa kusoma majina ya wenye malimbikizo, wanaohitaji chama zaidi hawatafika. Wengine walishajiondoa kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp. Mwanamume huyo haogopi korona, anamwogopa mweka hazina.

Wakubwa wa vyama, fungueni ukurasa mpya. Kama katiba yenu hairuhusu kufuta deni, ahirisheni kulitaja hadharani, na mzungumze na kila mmoja faraghani. Kabla ya sikukuu hiyo, pitieni orodha ya 2020 na mweke alama kwa kila ambaye hajaonekana. Kisha nendeni nyumbani kwake wawili wawili, bila risiti mfukoni. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nawe mama, mumeo akisema hana haja na wanaume wa kanisa, usimwite mvivu wa sala. Huenda anaona haya. Mpigie mke wa rafiki yake, waje wamchukue kana kwamba wanapita tu.

Baba, nawe uchunge saa. Watoto walikuzoea nyumbani miaka miwili ile, na baadhi yao walikujua vizuri kwa mara ya kwanza. Mkutano unaomrudisha mzazi usiku wa manane kila wiki utawanyang'anya walichopata. Mara nyingine nenda na kijana wako, asikie wanaume wakisaidiana.

Katika Injili, Yosefu hatamki hata neno moja, na wengi wetu hulipenda hilo. Lakini hatari ilipokuja, aliamka usiku ule ule akaipeleka familia yake Misri. Kwa hiyo kama kuna jina lililokujia akilini ukisoma makala haya, mpigie leo. Usingoje sikukuu uone kama atakuja.