Metali Si Ushetani, Tupeni Ukumbi

Nikivaa fulana nyeusi ya Loudness nyumbani Njombe, naulizwa kama nimejiunga na freemason. Jamani! Loudness ni bendi ya metali ya Osaka, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1981. Wanapiga magitaa tu, tena kwa ufundi.

Wengine husema, "Huo si muziki wetu." Hapo nakataa. Reli ya TAZARA inayopita Makambako inaishia Kapiri Mposhi, Zambia. Zambia hiyohiyo, miaka ya 1970, bendi kama WITCH na Ngozi Family zilipiga roki nzito ambayo leo inaitwa Zamrock. Nairobi nako walitokea Duma, jina la Kikuyu kabisa; albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kama Wajapani waliuchukua muziki huu wakaufanya wao, sisi tunashindwa nini?

Tunachokosa ni mahali. Metali huwezi kuijua kwenye simu inayolia kama mbu. Inataka ukumbi mdogo, ngoma zikupige kifuani, uvione vidole vya mpiga gitaa. Shoo zetu nyingi ni pleibeki: msanii anaruka, flashi inaimba.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi: tupeni bwalo Jumamosi moja kila muhula, vyombo vipigwe laivu. Bongo Fleva waje, kwaya waje, na sisi tupewe nusu saa. Asiyependa akalale. Sisi wa Njombe tumezoea baridi. Tutaruka tupate joto.