ARDHI YA MINE HAITAPONA BILA WADUDU



Hapa Likasi kila mtu anajua ardhi iliyochimbwa ni nini. Ukitazama upande wa Shituru, ao ukishika njia ya Kambove, unaona vilima vya mawe na matope makavu, pahali hata jani moja haliote. Union Minière ilianza mwaka 1906, Gécamines ikashika kazi mwaka 1967, kisha kampani zingine zikakuja. Babu zetu na baba zetu walikula mkate wa shaba, na mimi sitazarau kazi iliyotusomesha. Lakini ninauliza: hiyo ardhi itarudi kuwa ardhi namna gani?

Watu wengi wanajibu mbio: « Tupande miti, mambo inaisha. » Mimi ninasema hapana. Mti ukipandwa katika udongo uliokufa unasimama mwaka mmoja ao miwili, kisha unakauka. Mti peke yake hautengeneze udongo. Kazi hiyo ni ya wale wanaoishi chini ya mti: mchwa, chungu, jongoo, na vidudu vingine vidogo sana ambavyo jicho halivione vizuri.

Nikisema hivi, wenzangu wa internat wanacheka: « Badudu! Beko na faida gani? Banatuluma tu na banakula maharagi yetu! »

Mama zetu wanaouza vishimu sokoni wanaweza kujibu kunipita. Wakati wa mvua vishimu vinatupatia mboga kwa sahani, tena vinanunua daftari. Profesa François Malaisse, aliyefundisha kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1980 juu ya viwavi vinavyoliwa kusini mwa Katanga, na wakahesabu aina kupita 30. Tunkubiu tunazozipenda zinakula majani ya mutondo na muputu. Tukimaliza pori juu ya mine na juu ya makala, vishimu havitatoka mbinguni sawasawa mana.

Tuangalie tena kichuguu. Katika pori la miombo karibu na Lubumbashi, hektari moja inakuwa na vichuguu vikubwa 3 mpaka 5, na vingine vinapita urefu wa mita 5. Fundi wa matofali anajua kama ule udongo ni mzuri. Nani aliupandisha kutoka chini? Ni mchwa, kipande kwa kipande. Na njia zake za chini zinaingiza maji ya mvua, yasikimbie juu na kubeba udongo. Mithali nayo inamtuma mvivu akasome kwa chungu.

Sasa mtu atasema hayo ni maneno ya kitabu tu. Nitaleta mfano wa Afrika yetu. Kule Bamburi, karibu na Mombasa, kampani ya simenti ilichimba mawe ya chokaa tangu miaka ya 1950, ikaacha shimo kubwa, jeupe, lenye chumvi. Mwaka 1971 bwana René Haller, Mswisi, alianza kupanda miti mule. Alijaribu aina 26, na karibu zote zilishindwa. Mvinje ulishika. Lakini majani yake yalianguka na kulala chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo mpya. Ni nani aliyefungua njia? Jongoo! Haller aliona jongoo anakula yale majani, akaleta wengi. Mavi ya jongoo njo ikakuwa mwanzo wa udongo mweusi. Kisha miti mingine ikaota, ndege wakakuja, na mwaka 1984 watu wakaanza kwenda kutembea pale pahali palipokuwa shimo. Leo panaitwa Haller Park.

Lakini tuseme kweli yote. Bamburi ni mawe ya chokaa, na kwetu ni shaba, kobalti na asidi. Sumu yetu ni kali zaidi. Hatuwezi kumwaga jongoo kwenye matope ya kiwanda na kungoja muujiza, watakufa wote. Kwetu kuna kazi ya kwanza, na watu wa Lubumbashi wamekwisha kuijaribu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza pale mwaka 1911, na moshi wake uliua miti ya upande upepo ulikoupeleka. Katika mtaa wa Penga-Penga wataalamu wa Chuo Kikuu walitia chokaa na mboji, kisha wakapanda nyasi zinazoota zenyewe juu ya vilima vya shaba, kama ile inayoitwa Microchloa altera. Ilishika. Chokaa inapunguza asidi, na metali haiyeyuki sana katika maji. Nyasi inafunga udongo, vumbi haliingii tena katika nyumba na mapafu ya watoto. Na chokaa si kitu cha kutafuta Ulaya: mawe yake yako hapa Kakontwe.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza chokaa na mboji, pili nyasi za kwetu, tatu wadudu, kisha miti ya pori. Na wadudu hawapande gari. Wanatoka pori la karibu. Kama tumekata na kuchoma kila kipande cha pori kando ya mine, hawatafika hata tukitengeneza vizuri namna gani. Ndiyo maana kipande kidogo cha pori kilichobaki leo ni ghala ya mbegu na ya wadudu.

Wengine wanasema: « Tupeni mashamba, hatutaki nyumba ya panzi. » Ninawaelewa, njaa si mchezo. Lakini mboga iliyoota katika matope ya shaba na kobalti inaweza kuingiza metali tumboni. Chakula kisitoke pale mbele udongo na majani kupimwa. Na Shinkolobwe, pahali palipotoka urani ya bomu la 1945, si pahali pa mwanafunzi kwenda kufuata vipepeo.

Sheria iko. Kodi ya mine ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inalazimisha kampani kutayarisha mpango wa kutengeneza ardhi na kuweka feza ya kazi hiyo. Siku wakubwa watakuja kutuonyesha miti iliyopandwa kwa mistari, sisi tuulize: chini ya miti kuna nini? Jongoo yuko? Mchwa amerudi?

Lakini mwenye kuuliza wengine aanze kwake. Kila posho katika salongo tunafagia majani yote na kuyachoma, mpaka uwanja unabaki mwekundu. Hiyo tunaita usafi. Naomba walimu na wanafunzi tukubaliane jambo moja. Nyuma ya madarasa tutenge vipande viwili, kila kimoja hatua kumi kwa kumi. Kimoja tufagie kama kawaida. Kingine tuache majani, vijiti na mawe, bila moto. Mvua ikianza, tuzike makopo ya tomati, mdomo sawasawa na udongo, na darasa la biolojia lihesabu kila juma nani ameanguka ndani. Hiyo haitaombe franga hata moja.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutaandika Mtihani wa Serikali na kwenda. Ninyi mtakaobaki mtakuwa na daftari ya hesabu, na siku moja mtajua kusema, kwa namba wala si kwa kelele, ardhi yenye uzima inafanana namna gani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho