Kicheko, Kitisho na Uvivu wa Wahakiki

Mwanagenzi anapompelekea mhadhiri wa fasihi mswada wa filamu unaochanganya kicheko na kitisho, aghalabu jibu huwa limekwisha kuamuliwa kabla ya ukurasa wa kwanza kufunuliwa: achague, ama aandike ramsa ama aandike mambo ya kuogofya. Pembezoni huongezwa swali kuhusu dhamira, makosa mawili matatu ya tahajia husahihishwa, kisha mswada hurudishwa. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na karani.

Hukumu yenyewe si ngeni. John Landis aliandika mswada wa An American Werewolf in London mwaka 1969, akiwa kijana asiyejulikana, na kwa zaidi ya miaka kumi wenye fedha waliukataa kwa hoja iyo hiyo: unatisha mno kuwa wa kuchekesha, unachekesha mno kuwa wa kutisha. Filamu ilipotoka mwaka 1981, kilichohesabiwa kuwa kasoro ndicho kilichoibeba. Jack, aliyeraruliwa na mtu ageukaye mbwamwitu, anamrudia rafiki yake hospitalini, koo limechanika, naye anajichukulia mkate wa kuchoma katika sinia ya mgonjwa. Kila ajapo ameoza zaidi, na bado anazungumza kama mtu aliyepita kupiga gumzo. Kicheko kimo katika gumzo. Uozo wenyewe haufanyiwi mzaha. David naye anapogeuka mnyama, wimbo mtamu unasikika huku mifupa yake ikirefuka, na maumivu hayapungui.

Mhakiki wa Kiswahili hana udhuru wa kutolielewa jambo hili. Katika ngano, zimwi linalomtia mtoto ndani ya ngoma na kuizungusha vijijini ili aimbe ni jinga, lina tamaa, linachekesha. Hata hivyo mtoto yumo ndani ya ngoma. La ajabu ni kwamba wanaozifundisha ngano hizi asubuhi ndio hao hao ambao jioni huushutumu mswada wa mwanafunzi kwa kuchanganya tanzu.

Haimaanishi kwamba mwanagenzi asifiwe bure. Sifa za huruma ni dharau iliyovikwa kanzu. Chukulia mswada kuhusu matanga, ambapo maiti anaketi ndani ya jeneza na kudai hesabu ya michango. Wazo ni zuri. Lakini mwandishi amewapa waombolezaji wanne mizaha papo hapo, mmoja baada ya mwingine, wala hapana hata mmoja aliyeogopa. Na asipoogopa mhusika, mtazamaji ataogopa nini? Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki. Auonyeshe ukurasa wenyewe. Aseme mizaha mitatu ifutwe, mweka hazina wa kamati ya mazishi aachwe peke yake na kifuniko kinachosogea, na jambo la kwanza analolifanya kwa hofu liwe kulificha daftari la michango. Aseme pia kwamba sentensi inayodai moyo wa mtu huyo ulijaa majuto ya miaka mingi haipigiki picha. Jasho linalodondokea daftari linapigika.

Maelezo ya namna hii humlazimu mhakiki kuusoma mswada hadi mwisho, tena mara mbili. Asiye na nafasi hiyo na amrudishie mwanagenzi karatasi zake zikiwa safi, bila ya wino mwekundu.