Jane Siberry aliwatangulia Radiohead

Msanii akiachana na kampuni kubwa, watu husema amekwisha. Jane Siberry, mwimbaji na mtunzi wa Toronto, Kanada, hakwisha. Albamu yake ya kwanza ya mwaka 1981 aliigharamia kwa bakshishi alizopata akihudumia wateja mgahawani. Baadaye alirekodi na Reprise, kampuni ya Warner, kisha mwaka 1996 akaanzisha yake mwenyewe, Sheeba. Mwaka 2005, kwenye duka lake la intaneti, aliwaachia wasikilizaji wapange bei wenyewe, hata sifuri. Radiohead walifanya hivyo mwaka 2007, dunia ikawashangilia wao! Sifa hiyo ilimstahili Siberry kwanza. Mwaka 2010 aliruhusu nyimbo zake zipakuliwe bure. Hapo simuungi mkono: studio inalipwa, wapiga vyombo wanalipwa, kwa nini yeye asilipwe?